Kumpumzisha Mzee

Kabla ya mapambazuko bawaba ililia tena. Fundi alifumbua macho gizani, akasubiri. Ililia, ikanyamaza, ikalia. Alikwisha kuitia mafuta zaidi ya mara moja, na bado ilikuwa na sauti ile ile nyembamba, kama mlango unaosukumwa na mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba. Akainuka, akapapasa ukutani, akaushika mlango kwa mikono miwili. Mlango ulikuwa umefungwa na umetulia. Sauti ikaendelea nyuma yake.

"Si mlango," Bibi akasema kutoka kitandani kwake, alikolala na mjukuu. "Nimekuwa nikikuangalia unavyoutia mafuta, nikadhani labda masikio yangu ndiyo yamechoka. Njoo uweke sikio hapa."

Fundi akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha mwanawe. Pale ndani, chini upande wa kulia, bawaba ililia.

Mtoto alikuwa na miaka minne, na aliitwa Mzee kwa kuwa alibeba jina la babu yake. Bibi alimwita mume wangu, akamlalamikia kila siku kwamba mume gani huyu asiyeleta hata sukari. Kwa miezi kadhaa Mzee alikuwa anakohoa. Alikunywa dawa za kikohozi za kila rangi, alipata nafuu, akaugua tena, mpaka daktari wa zahanati alipompiga picha ya kifua, akaitazama kwa muda mrefu, akawaandikia waende hospitali kubwa.

"Leo ndiyo leo," mama Mzee akasema kutoka chumba cha pili. Naye hakuwa amelala. Alikuwa ameshakunja nguo za mtoto ndani ya mfuko.

Fundi akavaa shati, akatia futi yake ya chuma mfukoni. Hakuwa na haja nayo siku hiyo, lakini bila futi mfukoni alijiona kama mtu aliyetoka nje bila suruali.

*

Hospitali ile Fundi aliijua kwa mlango wa nyuma, ule wa chumba cha maiti. Kazi yake ilikuwa majeneza. Yeye alipasua mbao na kuzipiga randa, mkewe alishona kitambaa cheupe cha ndani na kile kimto kidogo cha kichwa. Watu waliwaheshimu siku ya shida, na siku nyingine wakavuka barabara. Leo alipita mlango wa mbele, mtoto begani, mkewe na Bibi nyuma yake, na mlinzi akamtambua.

"Fundi, mbona umepotea njia? Upande wako si kule nyuma?" Halafu, kwa kuwa kulikuwa na foleni na watu wa kumsikia, akaongeza, "Au leo umekuja kutupima tungali wazima?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yao akamvuta mwanawe upande wa pili. Fundi naye alicheka kidogo, kama alivyozoea, ili yaishe. Mlinzi alipomwona Mzee akihema, kicheko kikamkauka. Akafungua kamba ya foleni. "Piteni huku, mama. Piteni tu."

Daktari wa kifua alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza Mzee mbele na nyuma, akaibandika picha kwenye taa, akawaonyesha kwa kidole.

"Huku kulia chini, hewa haifiki vizuri. Kwa nini haifiki, picha haisemi. Nataka nikaone kwa macho." Akawaonyesha unene kwa kidole chake kidogo. "Tuna mpira mwembamba kuliko hiki. Unapinda, na nchani una kamera. Tunaupitisha puani, tunashuka nao taratibu mpaka kwenye njia za hewa."

"Puani?" mama Mzee akauliza.

"Puani, mama."

"Ni salama kwa mtoto kama huyu?"

Daktari akamgeukia. "Kwa wengi ni salama. Tunawafanyia wadogo kuliko yeye. Lakini sitakuambia hakuna hatari kabisa. Mpira ukiwa ndani, hewa yake inaweza kushuka. Ikishuka tunautoa, tunampa oksijeni, tukiona vyema tunarudi. Anaweza kutoka damu kidogo. Baadaye sauti itakwaruza, na jioni homa inaweza kupanda. Mambo makubwa kuliko hayo hutokea mara chache, lakini siwezi kusema hayatokei. Ndiyo maana kuna mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kuangalia hewa ya mtoto. Hashiki kitu kingine."

Hilo lilimwingia Fundi. Mtu mwenye kazi moja, anayeitazama bila kupepesa, alimwelewa. Akavuta kalamu ili atie sahihi ya kukubali.

"Na hatasikia maumivu?" akauliza, kalamu iko mkononi.

"Hatasikia kitu," daktari akasema kwa upole. "Kabla ya yote tutampumzisha."

Kalamu ikasimama.

Kila jeneza lililotoka kwa Fundi lilikuwa na kibao kidogo kwenye kifuniko chake, na maneno ya kibao aliyaandika mwenyewe kwa brashi nyembamba. Juu, Alizaliwa. Chini, wengine waliandika Alifariki, lakini wateja wake waliliona neno hilo kavu. Walitaka Alipumzishwa. Alikuwa amelichora neno hilo mara nyingi hata mkono uliweza kuliandika wenyewe. Nyumbani kwake halikutamkwa. Mtu akichoka, aliambiwa akae, ajinyooshe, alale, lakini hakuambiwa apumzike.

"Hapana," Fundi akasema.

Daktari alidhani ni zile hatari. Akazieleza tena, polepole zaidi, akachora njia za hewa kwenye kipande cha karatasi kama mti uliopinduliwa. Alikuwa mtu mwenye subira. Akamaliza pale pale: "Na akishapumzishwa, baba, hatajua lolote."

"Hatapumzishwa," Fundi akasema, akasimama.

*

Ukumbini mkewe alimshika mkono wa shati.

"Umesikia hatari zote umetulia. Damu, homa, hewa kushuka, umetulia. Umeogopa usingizi?"

"Wewe hukusikia alivyosema?"

"Nimesikia. Nimesikia mwanangu anaumwa na kuna mtu anataka kumtazama."

"Basi."

"Basi nini, Fundi? Niambie basi nini."

Kulisema neno lile huku mtoto amelala begani kwake, kwake yeye kungekuwa sawa na kuchukua brashi. Akatazama ukuta.

Daktari hakuwafukuza. Alisema mtoto asirudi nyumbani akiwa anahema hivi, akampa kitanda wodini na kibomba cha oksijeni puani, na akasema wakibadili mawazo wamwite saa yoyote. Nafasi ya Mzee kwenye chumba cha kipimo ikapewa mtoto mwingine.

*

Kwenye kitanda cha jirani alilala msichana wa miaka tisa. Manesi, wafagiaji, hata daktari, wote walimwita Mwenyeji, maana alikuwa amekaa wodini humo muda mrefu kuliko godoro lake. Mapafu yake yalikuwa yanajaa makohozi mazito, na kila mara ilibidi yasafishwe kwa mpira ule ule. Mama yake alifanya kazi za ndani mbali na mji, akaja alipopewa ruhusa, na ruhusa hazikuwa nyingi. Kwa hiyo Mwenyeji alikuwa amejichukulia kazi ya kukaribisha wageni.

"Kitanda hicho kina kona inayouma," alimwambia Bibi siku ile ya kwanza. "Mgeuze alale kichwa huku. Na nesi wa asubuhi ukimsalimia kwanza, anakuletea blanketi la pili."

"Asante, mwenye nyumba," Bibi akasema. Akamgeuza Mzee, akamsalimia nesi, akapata blanketi. Tangu hapo kila alipomlisha Mzee kijiko kimoja cha uji alimpa na Mwenyeji, akamfumua nywele zilizoshikana, akamsuka taratibu, akichelea kuvuta.

Fundi alikuja kila saa ya kutazama wagonjwa, akasimama miguuni pa kitanda. Mkono mfukoni, alivuta futi kidogo na kuiachia. Ka. Akavuta, akaachia. Ka. Macho yake nayo yalifanya kazi bila kuulizwa. Alimtazama mtoto wa kitanda cha dirishani, akajua urefu. Alimtazama wa mlangoni, akajua. Alichukia macho yake. Mwanawe mwenyewe hakuwahi kumpima maishani. Nyumba nyingine zina alama ukutani za watoto wanavyokua, lakini kwake ukuta ulikuwa mtupu, na mkewe alishaacha kuuliza kwa nini.

Siku iliyofuata Mzee aliamka amechoka kuliko jana yake. Hakutaka uji. Bawaba ilikuwa inalia kwa sauti ndefu, na pale chini ya kucha kulikuwa na weusi kama wa mtu aliyeshika wino.

"Fundi," Mwenyeji akaita kutoka kitandani kwake.

"Naam, mama."

"Wanasema umemkataza daktari asimpumzishe Mzee."

Mama Mzee akainua kichwa. Futi ikanyamaza.

"Mimi nimepumzishwa mpaka nimechoka kupumzika," Mwenyeji akaendelea. Alisema kwa vipande, kwa sababu ya pumzi. "Unapewa sindano. Nesi anasema hesabu vidole. Sijawahi kufika mkono wa pili. Halafu naamka, koo linakwaruza, nataka uji, wananiambia ngoja. Koo nalo huwa bado limelala. Ukinywa mapema, uji unapotea njia. Hapo ndipo pabaya, kungoja uji."

"Unaamka," Fundi akasema.

Mwenyeji akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mzima aliyeuliza njia akiwa mlangoni. "Sasa hivi naongea na wewe nimelala?"

Bibi akacheka mpaka akajishika ubavu. Lakini mama Mzee hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe, na taratibu uso wake ukabadilika. Vile vimto vyote alivyoshona. Vile vibao vyote vilivyopita mbele yake vikiwa bado na rangi mbichi.

"Kumbe ni neno," akasema kwa sauti ndogo. "Fundi. Kumbe ni neno lile."

Fundi alikuwa ameshatoka, anatembea haraka ukumbini, akimtafuta daktari.

Daktari alimsikiliza amesimama, glavu ziko mkononi. Alipoelewa, alijiegemeza ukutani. "Nimewaambia wazazi hivyo miaka yote," akasema. "Nikidhani ndilo neno la upole. Nisamehe, baba." Nesi aliyekuwa karibu akasema labda waseme kumlaza, kisha mwenyewe akasita, maana hilo nalo lilikuwa na wateja kule nyuma. "Nitasema dawa ya usingizi," daktari akasema. "Atapewa dawa ya usingizi, na nitakaa naye mpaka aamke. Nikuambie hivyo?"

"Niambie hivyo," Fundi akasema, akatia sahihi. Jina likatoka baya, yeye aliyesifiwa mtaa mzima kwa mwandiko.

*

Nafasi ya siku hiyo ilikuwa ya Mwenyeji. Alikuwa hajala wala kunywa tangu alipoamka, kama inavyotakiwa. Mzee naye alikuwa hajala, kwa kuwa alikataa. Daktari alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akatazama kucha za Mzee.

"Mwenyeji," akasema, "nikimtanguliza huyu mdogo, sijui kama nitakufikia leo."

Msichana naye akazitazama kucha zile. "Basi nipate uji," akasema.

Walikaa kwenye benchi nje ya chumba, Fundi, mkewe na Bibi. Mtoto aliingizwa akiwa ameshika kidole cha nesi. Hakulia. Bibi alisema mume wake ni jasiri, asingelia mbele ya wanawake.

Baadaye mlango ulifunguliwa ghafla. Nesi alitoka karibu anakimbia, akarudi na chombo, mlango ukafungwa. Kutoka ndani kengele ndogo ya mashine ilikuwa inalia haraka, kisha ikashuka sauti kama mtu anayezama. Mama Mzee akasimama. Akakaa. Fundi akatoa futi mfukoni, akaivuta yote, ikalala magotini kama nyoka aliyekufa, na hakuirudisha. Alikuwa anazitazama namba za mwanzo, zile fupi, na Bibi alipoona anachotazama, akaifunika kwa kanga yake.

"Weka hiyo," akasema. "Weka, mwanangu."

Ikapita muda. Kengele ikatulia, ikawa mapigo ya polepole. Daktari alitoka amejifunika mdomo, akaishusha barakoa ili wamwone uso.

"Hewa ilishuka kama nilivyowaambia. Tulitoa mpira, tukampa oksijeni, ikapanda. Yuko sawa kwa sasa. Nimeona kitu ndani, mpira huu haukiwezi, hauna mkono wa kushika. Mwenzangu anaingia na bomba gumu akikamate. Usingizi bado anao. Msubiri."

"Kitu gani?" mama Mzee akauliza, lakini mlango ulikuwa umefungwa tena.

Aliporudi mara ya pili alikuwa na kibakuli kidogo cha chuma. Ndani, juu ya pamba, palikuwa na ua dogo la plastiki, ukubwa wa kucha, limepakwa rangi ya dhahabu iliyobabuka. "Watoto huvuta vitu vya kila namna," akasema. "Karanga, shanga, vifuniko vya kalamu. Hiki mnakijua?"

Wote watatu walikijua. Maua hayo Fundi aliyapigilia kwenye pembe za kifuniko cha kila jeneza, yalikuwa kwenye kopo chini ya benchi la kazi, na Mzee alicheza chini ya benchi hilo, kwenye maranda, kila siku.

"Ni la kazini kwangu," Fundi akasema.

"Mimi ndiye niliyemweka pale," mkewe akasema. "Ili nipate kushona."

"Kopo ni langu. Sikulifunika."

"Nilimsikia siku moja kapaliwa. Nikamwambia anywe maji."

"Msigombanie," Bibi akasema. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya ile kanga. "Kosa lipo la kutosha, kila mtu atapata lake. Daktari, mtoto ameamka?"

"Ameamka. Anadai uji. Nimemwambia angoje." Daktari akavuta pumzi. "Lakini niwaambie na hili lingine. Sehemu ile ya pafu imekaa muda mrefu bila hewa, imejaa usaha. Tutampa dawa. Inaweza kuamka. Inaweza isiamke yote. Atahitaji kuletwa mara kwa mara, na pengine tutamwingizia mpira tena. Sitaki mwende nyumbani mkidhani yameisha."

Homa ilipanda jioni, kama alivyosema. Mama Mzee alikaa na kitambaa chenye maji mpaka ikashuka. Sauti ya mtoto ilikuwa imekwaruzika kabisa, akaongea kama babu yake kweli, na Bibi akasema sasa ndiyo anamjua mumewe. Ile sauti ya bawaba kifuani ilipungua, lakini haikwisha. Ukiweka sikio, uliisikia mbali, kama mlango wa nyumba ya jirani.

Mwenyeji hakufikiwa siku ile, wala iliyofuata. Mashine ya oksijeni ilihamishiwa wodi nyingine, kisha daktari mmoja wa chumba cha kipimo akaugua. Mwenyeji alikula uji wake umeshapoa. Nesi wa asubuhi alimwongezea hewa kwenye kibomba, na Bibi, aliyekuwa akitazama kila kitu, aliona kwamba baada ya hapo hakuipunguza.

*

Siku ya kuruhusiwa Fundi alikuja na kopo la maua ya dhahabu, akalitupa kwenye pipa la taka la hospitali, nje, mbele ya mlinzi. Mlinzi alimfungulia lango lote, la gari.

Wodini mama Mzee alikunja nguo. Mzee alivaa viatu peke yake, kulia kushoto, kushoto kulia, na hakuna aliyemsahihisha. Bibi aliketi kitandani pa Mwenyeji akimalizia msuko wa mwisho. Alisuka polepole kuliko siku zote.

"Mama yako anakuja lini?" akamuuliza.

"Akipewa ruhusa."

"Na kipimo chako?"

"Wamesema wiki ijayo. Nafasi ikipatikana." Mwenyeji alipumzika kati ya sentensi na sentensi. Midomo yake ilikuwa na ule wino ambao kucha za Mzee zilikuwa nao. "Bibi, kitanda cha Mzee wataweka mtu leo leo. Huwa wanaweka. Nitamwambia kuhusu ile kona."

Fundi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, pale pake pa siku zote. Alihisi macho yanaanza kazi yake, kutoka kwenye nywele zilizosukwa kushuka kwenye blanketi. Akapiga magoti sakafuni, chini kabisa, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, mahali ambapo hakuweza kuona urefu wa mtu, ila macho tu.

"Asante, mama," akamwambia. "Nafasi yako tulikula sisi."

"Uji niliupata," Mwenyeji akasema. Alikuwa msichana aliyesikia kila kitu kinachosemwa langoni, ukumbini, na nyuma ya mapazia. "Fundi, naijua kazi yako. Mlinzi alimwambia nesi, nikasikia. Na ile sauti ya mfukoni naijua."

Mama Mzee alisimama na shati la mtoto mkononi, halijakunjwa.

"Mtakapomleta Mzee tena kwa daktari," Mwenyeji akasema, "mpite na huku kunitazama. Na wewe Fundi uje. Lakini futi uiache nyumbani."